Posta ya farasi Marekani: Miezi 18 ya mbio na hasara iliyozaa umaarufu

Na Mwandishi Wetu

JIONI ya Aprili 3, mwaka 1860, wakazi wa mji wa St. Joseph, jimbo la Missouri nchini Marekani, walikuwa wamesimama barabarani kwa saa kadhaa wakimsubiri mtu mmoja aondoke. Farasi alikuwa tayari, hotuba zilikwishatolewa na bendi ilikwishapiga nyimbo zake. Kilichokosekana ni barua zenyewe. Mjumbe aliyekuwa akizileta kutoka miji ya Mashariki alikuwa ameikosa treni aliyopaswa kuunganisha nayo njiani, na uongozi wa reli ukalazimika kuandaa treni maalumu iliyokimbia kwa kasi kubwa kukatisha jimbo zima la Missouri ili kufidia muda uliopotea.

Inasimuliwa kwamba katika kusubiri huko watu walimng'oa farasi nywele za mkia ili wabaki na kumbukumbu, hadi ikabidi mnyama huyo arudishwe bandani. Ilipofika saa moja na robo usiku, mpanda farasi aliondoka, akavushwa Mto Missouri kwa kivuko na kuelekea Magharibi. Wanahistoria hadi leo hawajakubaliana alikuwa nani, ingawa wengi humtaja kijana aliyeitwa Johnny Fry. Mzigo wake ulikuwa barua 49, simu za maandishi tano na magazeti machache.

Ndivyo ilivyoanza Pony Express, huduma ya kupeleka barua kwa farasi waendao mbio kutoka St. Joseph hadi Sacramento, California, umbali wa takriban kilomita 3,100. Siku hiyo hiyo, barua nyingine ziliondoka San Francisco kuelekea Mashariki. Ahadi iliyotolewa kwa umma ilikuwa siku kumi, na kwa safari hizo za kwanza ahadi hiyo ilitimizwa.

Ili kuelewa kwa nini siku kumi zilionekana kuwa muujiza, ni vyema kukumbuka hali ilivyokuwa. Dhahabu iligunduliwa California mwaka 1848, jimbo hilo likaingia katika Muungano mwaka 1850, na kufikia sensa ya mwaka 1860 lilikuwa na watu wapatao 380,000. Kati yao na ndugu zao wa Mashariki palikuwa na nyika, milima na majangwa yasiyo na reli wala waya wa telegrafu. Reli ziliishia St. Joseph. Barua nyingi zilikwenda kwa meli hadi Panama, zikavushwa nchi kavu, kisha zikapakiwa katika meli nyingine, safari ya wiki tatu hadi mwezi.

Njia ya nchi kavu ilikuwepo, lakini ilizunguka. Tangu Septemba 1858 kampuni ya John Butterfield ilikuwa ikipeleka barua kwa magari ya kukokotwa na farasi kupitia Texas na majangwa ya kusini, kilomita zaidi ya 4,400, kwa muda wa siku 25 hivi. Kwa kazi hiyo serikali iliilipa dola 600,000 kwa mwaka. Njia hiyo ya kusini ilichaguliwa na Waziri wa Posta, Aaron Brown, aliyekuwa mtu wa Tennessee, na wananchi wa Kaskazini waliona wazi kwamba uchaguzi huo ulikuwa na harufu ya siasa. Taifa lilikuwa linaelekea kugawanyika kwa sababu ya utumwa, na njia ya barua nayo ilikuwa sehemu ya mvutano huo.

Hapo ndipo ilipoingia kampuni ya Russell, Majors na Waddell. William Russell alikuwa mfanyabiashara wa kuzungumza na wakubwa wa Washington na New York, mwepesi wa kukopa. Alexander Majors alikuwa mtu wa dini aliyejua ng'ombe, magari na njia. William Waddell alikuwa mtunza hesabu, mzito wa kuamua. Watatu hao walikuwa wamepata utajiri kwa kusafirisha shehena za jeshi kwenda ngome za Magharibi.

Utajiri huo, hata hivyo, ulikuwa umekwishatoboka kabla farasi wa kwanza hajatia mguu njiani. Mwaka 1857 serikali ilipopeleka jeshi Utah kuwatiisha Wamormoni, kampuni hiyo ilitakiwa kusafirisha mizigo nje ya mkataba wake wa kawaida. Wapiganaji wa Kimormoni wakachoma misafara ya magari yake, ng'ombe wengi wakafa katika majira ya baridi, na hasara ikafikia karibu dola 500,000. Wizara ya Vita haikuilipa fidia. Tangu hapo kampuni iliendeshwa kwa mikopo.

Katika majira ya baridi ya kuelekea mwaka 1860, Russell alikutana mjini Washington na William Gwin, seneta wa California. Seneta huyo alitaka ithibitishwe kwamba njia ya kati, inayopita Salt Lake City, inapitika mwaka mzima, baridi na joto. Kampuni ikithibitisha hilo, alisema, yeye angepigania ruzuku bungeni. Russell akakubali papo hapo. Aliporudi kwa wenzake, Majors na Waddell walimweleza bila kuficha kwamba biashara hiyo haiwezi kurudisha hata gharama zake. Lakini neno lilikuwa limekwishatoka, na kwa wafanyabiashara wa kizazi chao kumwacha mwenzao aadhirike lilikuwa jambo zito kuliko hasara. Majors alilieleza hilo mwenyewe katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 1893.

Kwa maneno mengine, posta ya farasi haikuanzishwa kwa matumaini ya faida ya stempu. Ilikuwa tangazo la biashara, karata iliyochezwa ili kuupata mkataba wa serikali. Hili ndilo jambo ambalo filamu nyingi za Magharibi ya Marekani hazikulisema.

Maandalizi yalichukua siku zipatazo 65 tu. Vilinunuliwa vichwa zaidi ya 400 vya farasi. Kwa upande wa Mashariki walichaguliwa farasi wa mbio, na kwa upande wa milima na majangwa walichaguliwa mustang, farasi wadogo wagumu wenye asili ya mwituni. Vituo viliwekwa kila baada ya kilomita 16 hadi 24, kwa kuwa huo ndio umbali ambao farasi anaweza kwenda mbio bila kuumia. Mwanzoni vilikuwa zaidi ya 150, baadaye vikakaribia 190. Baadhi vilikuwa nyumba nzuri za magogo, vingine vibanda vya mawe au mashimo yaliyochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa nyasi.

Mpanda farasi mmoja alikwenda kilomita 120 hadi 160 kabla ya kumpokeza mwenzake, akibadili farasi mara sita hadi nane. Alipewa dakika mbili za kubadili. Mara nyingi hakuzihitaji, kwa sababu barua hazikufungwa kwenye mnyama. Zilikaa ndani ya kipande kipana cha ngozi walichokiita kwa jina la Kihispania, mochila, chenye mifuko minne, kilichotandazwa juu ya tandiko na kushikiliwa na uzito wa mpandaji mwenyewe. Kufika kituoni, alikivuta, akakitupa juu ya farasi mwingine aliyekwishatandikwa, akaruka na kuondoka. Mifuko mitatu ilifungwa kwa kufuli ambazo funguo zake zilikuwa katika vituo vikuu tu. Wa nne ulibaki kwa barua za njiani na karatasi ya kuandikia saa za kufika na kuondoka.

Uzito ulikuwa adui mkuu. Mpandaji hakutakiwa kuzidi kilo 57, barua zote kwa pamoja hazikupaswa kuzidi kilo tisa hivi, na wateja walishauriwa kuandika kwenye karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Mafurushi yalifungwa kwa kitambaa cha hariri kilichopakwa mafuta ili yasiloe wakati wa kuvuka mito. Majors, kwa upande wake, alimpa kila kijana Biblia na kumwapisha kwamba hatatukana, hatalewa wala kupigana na wenzake. Mahali kama pale, kiapo hicho bila shaka kilivunjwa mara nyingi kuliko kilivyotunzwa.

Jambo moja lisilozungumzwa sana ni chakula cha farasi. Farasi wa posta walilishwa nafaka, ilhali farasi wengi wa nyikani walikula nyasi tu. Nafaka ndiyo iliyowapa pumzi ya kuwaacha nyuma waliowafukuza. Lakini nafaka hiyo ilibidi isafirishwe kwa magari ya ng'ombe kwa mamia ya kilomita hadi katikati ya majangwa ya Utah na Nevada ambako hakuna kinachoota. Huko ndiko fedha za kampuni zilikokwenda.

Na fedha zilizoingia zilikuwa kidogo. Kutuma barua ya nusu aunsi, yaani gramu 14, kuligharimu dola tano, mbali na stempu ya kawaida ya posta. Kibarua wa siku zile alipata dola moja hivi kwa siku. Mama wa shambani hakumwandikia mwanawe mchimba dhahabu kwa njia hii. Wateja walikuwa mabenki, wafanyabiashara, magazeti na serikali. Hata maofisa wa Uingereza waliitumia kupitishia taarifa za vita vya China zilizokuwa zikielekea London.

Huduma ilikuwa haijatimiza miezi miwili ilipokumbana na vita. Katika eneo ambalo leo ni jimbo la Nevada, madini ya fedha yaligunduliwa mwaka 1859 na wachimbaji wakamiminika. Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali mno kwa wenyeji wa asili, Wapaiute. Miti ya misonobari iliyowapa mbegu za chakula ilikatwa kwa ajili ya kuni na nguzo za migodi, na mifugo ya wageni ikamaliza nyasi. Wakati wazee wao walipokuwa wakijadiliana la kufanya, huku kiongozi mmoja, Numaga, akiwasihi wasiingie vitani, watu wa kituo cha Williams, kimojawapo cha vituo vya posta ya farasi, waliwateka wasichana wawili wa Kipaiute. Mei 7, 1860, wapiganaji waliwakomboa wasichana hao, wakawaua waliokuwepo na kukichoma kituo.

Siku tano baadaye, kikosi cha raia wapatao 105 kilichokwenda kulipiza kisasi kiliingia mtegoni karibu na Ziwa Pyramid, na zaidi ya 70 kati yao wakauawa. Katika wiki zilizofuata vituo kadhaa viliteketezwa na farasi wakachukuliwa. Waliopoteza maisha wengi hawakuwa wapanda farasi wanaosifiwa, bali watunza vituo, watu wawili watatu katika kibanda kimoja jangwani, wasio na pa kukimbilia. Huduma ilisimama kwa wiki kadhaa na hasara ikakadiriwa kuwa dola 75,000.

Ni katika vurugu hizo ambapo Robert Haslam, aliyejulikana kama Pony Bob, alijipatia jina. Alipofika mwisho wa zamu yake, mwenzake aliyepaswa kumpokea alikataa kuondoka. Haslam akaendelea mwenyewe, akapumzika kwa muda mfupi, kisha akageuza na barua za kurudi, akipita kituo ambacho alikuta mtunzaji wake ameuawa. Safari hiyo, kwenda na kurudi, inahesabiwa kuwa ya kilomita zaidi ya 600.

Katika mashambulizi ya mwaka huo furushi moja liliporwa njiani. Barua moja iliyokuwemo, iliyotumwa kutoka San Francisco Julai 1860, ilipatikana na kufikishwa Mashariki mwaka 1862, ikiwa na maelezo ya mkono juu ya bahasha kwamba iliporwa na kupatikana tena. Ilipofika, posta ya farasi yenyewe ilikuwa imekwishafungwa.

Wakati vijana wakikimbia, deni lilikuwa likikua Washington. Waziri wa Vita, John Floyd, kwa kutambua kwamba serikali ilikuwa haijailipa kampuni, alikuwa akiidhinisha hati za madai ambazo Russell alizitumia kukopea benki. Benki zilipoanza kuzikataa, karani mmoja wa Wizara ya Mambo ya Ndani, Godard Bailey, aliyekuwa na undugu wa ndoa na Floyd, alimkabidhi Russell hati za dhamana ili aziweke rehani. Hati hizo hazikuwa mali ya karani wala ya waziri. Zilikuwa amana ya jamii za wenyeji wa asili iliyotunzwa na serikali. Jumla yake ilikuwa dola 870,000.

Kashfa iliibuka Desemba 1860. Russell alikamatwa New York siku ya mkesha wa Krismasi, na Floyd akajiuzulu kabla mwaka haujakwisha. Mashtaka dhidi ya Russell yalifutwa mwaka uliofuata kwa sababu za kisheria zisizohusu ukweli wa jambo lenyewe, lakini hakukuwa na mbunge aliyethubutu tena kusimama kuiombea kampuni yake ruzuku.

Mkataba ambao farasi wote wale waliukimbilia ulitolewa kweli, ila ulikwenda kwa mwingine. Majimbo ya Kusini yalipojitenga, njia ya Texas haikutumika tena. Sheria ya Machi 2, 1861 ikaihamishia kampuni ya Butterfield katika njia ya kati, kwa malipo ya dola milioni moja kwa mwaka, pamoja na sharti la kuendesha posta ya farasi hadi telegrafu itakapokamilika. Russell na wenzake, walioithibitisha njia hiyo kwa fedha zao, wakabaki wakandarasi wadogo wa upande wa Mashariki. Nauli ya barua ilishushwa hadi dola moja.

Katika mwezi huo huo posta ya farasi ilifanya safari yake ya haraka kuliko zote. Abraham Lincoln aliapishwa Machi 4, 1861, na hotuba yake ilisafirishwa kutoka mwisho wa waya wa telegrafu upande wa Mashariki hadi mwanzo wa waya wa upande wa Magharibi kwa siku saba na saa 17. Taifa lilikuwa ukingoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na California, yenye dhahabu yake na yenye watu wengi waliotoka Kusini, ilisubiri kujua rais mpya amesema nini juu ya majimbo yaliyojitenga. Ikiwa kuna siku ambayo huduma hiyo ililipa gharama zake, basi ni hiyo, japo si kwa fedha.

Sheria ya kujenga telegrafu hadi Pasifiki ilikuwa imepitishwa Juni 1860, farasi wakiwa na miezi miwili tu barabarani. Ujenzi ulianza kwa nguvu katikati ya mwaka 1861 kutoka pande zote mbili. Nguzo zilisimikwa kando ya njia ile ile, na kwa wiki kadhaa wapanda farasi walikuwa wakipita karibu na mafundi waliokuwa wakiwaondolea kazi. Kila waya uliposogea, safari yenye maana ya farasi ilifupika. Oktoba 24, 1861, nyaya ziliunganishwa Salt Lake City, na ujumbe wa kwanza kutoka California, uliotumwa na Jaji Mkuu wa jimbo hilo, Stephen Field, ulimhakikishia Lincoln utii wa California kwa Muungano. Siku mbili baadaye ilitangazwa kwamba posta ya farasi imekoma. Barua za mwisho zilizokuwa njiani zilifika Novemba.

Ilikuwa imedumu miezi 18 na nusu. Ilibeba barua takriban 35,000, ikakusanya dola 90,000 hivi, na hasara yake inakadiriwa kuwa dola 200,000 au zaidi. Machi 1862 mali za kampuni ziliuzwa kwa mnada kwa mfanyabiashara aliyeikopesha, Ben Holladay, naye akaziuza kwa Wells Fargo mwaka 1866. Russell na Waddell walifariki dunia mwaka 1872, wakiwa wamefilisika.

Huduma iliyokufa hivyo ingeweza kusahauliwa. Aliyeizuia isisahauliwe ni William Cody, maarufu kama Buffalo Bill. Kuanzia mwaka 1883 maonyesho yake ya maisha ya Magharibi yalizunguka Marekani, na kuanzia mwaka 1887 yakafika London na miji mingine ya Ulaya, na karibu kila mara palikuwa na sehemu ya mpanda farasi wa posta akibadili mnyama mbele ya umati. Cody alisema kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao akiwa kijana mdogo. Wanahistoria waliofuatilia wanatilia shaka dai hilo, kwani wakati ambao angekuwa njiani, kumbukumbu zinaonyesha alikuwa Kansas akisoma.

Vivyo hivyo tangazo mashuhuri la ajira linalodaiwa kutafuta vijana wembamba wasioogopa kifo, yatima wakipewa kipaumbele. Limechapishwa katika vitabu, mabango na fulana zisizo na idadi, lakini hakuna aliyewahi kulionyesha katika gazeti lolote la mwaka 1860. Tena halikuhitajika. Vijana waliotaka kazi hiyo walikuwa wengi.

Majors ndiye aliyeishi muda mrefu kuliko wenzake. Uzeeni, Cody alimkuta katika kibanda karibu na Denver akiandika kumbukumbu zake, akamsaidia zichapishwe, na akaandika dibaji. Mzee huyo alifariki Januari 1900.

Mwaka 1992 Bunge la Marekani liliitambua njia hiyo kuwa njia ya kihistoria ya kitaifa. Mabanda ya farasi ya St. Joseph yamegeuzwa makumbusho, na huko Kansas kituo cha Hollenberg bado kimesimama mahali pake. Bahasha za barua hizo zilizosalia, zinazokadiriwa kuwa 250 hivi, huuzwa minadani kwa maelfu ya dola kila moja. Na kila Juni chama cha wapenzi wa historia hiyo hukusanya mamia ya wapanda farasi wanaopokezana mfuko wa barua usiku na mchana kati ya St. Joseph na Sacramento. Safari huchukua siku kumi. Barua zikifika, huingizwa katika posta ya kawaida.